Sikukuu zinakuja, na mimi natafuta zamu ya kujifichia

SWALI

Dada mshauri, salaam.

Mimi ni mwanaume wa miaka 46, nina mke na watoto watatu. Nimelitumikia jeshi miaka 21 na nimestaafu nikiwa sajini. Katika miaka hiyo nilipelekwa vitani mara mbili. Wapi na lini, tuyaache. Nina mikono miwili na miguu miwili, na kila anayeniona huniambia nishukuru Mungu kwamba nimerudi mzima. Nashukuru kweli.

Shida yangu ni msimu wa sikukuu. Miezi mingine najimudu. Nina shughuli zangu na sina ugomvi na mtu. Ikiingia Desemba mwili unabadilika kabla hata sijatazama kalenda. Usingizi unakatika saa nane za usiku, nazunguka nyumba nikikagua makomeo, nikimaliza naanza upya. Kijiko kikianguka jikoni namfokea mtoto kama kuruta.

Mwaka jana ukoo ulikusanyika kwetu. Nyumba ilijaa, muziki juu, watoto wanapishana miguuni mwa watu. Nikachagua kiti cha kona, mgongo ukutani, macho mlangoni. Mtoto mmoja akapasua puto. Sikuamua kitu, dada. Nilijikuta tu niko chini ya meza, nimembana mpwa wangu wa miaka minne kifuani, analia kwa hofu. Sebule ikanyamaza. Kisha shemeji yangu akasema, "Afande bado yuko vitani," na watu wakaangua kicheko. Nikainuka, nikachukua ufunguo wa gari, nikaondoka bila kuaga. Nilirudi usiku wa manane nimelewa. Mkesha wa mwaka mpya, fataki zilipoanza, nilijifungia bafuni, taa nimezima, mpaka zilipokwisha.

Kuna jambo jingine ambalo mke wangu halijui. Desemba ndiyo mwezi niliompoteza mwenzangu wa kikosi. Doria ile ilikuwa zamu yangu. Tulibadilishana kwa sababu ndogo tu, nilikuwa na homa. Yeye hakurudi. Watu wakiinua glasi kupongezana kwa kuufikia mwisho wa mwaka, namwona yeye, na najiuliza mimi nina haki gani ya kukaa hapo nikicheka.

Mwaka huu tunakutana kwa kaka yangu mkubwa. Mke wangu kasema, "Ukitoroka tena, safari hii sitakutetea." Wakati huohuo nimepata nafasi ya kazi ya ulinzi, zamu za usiku kipindi chote cha sikukuu, na malipo ni mazuri. Moyo unanituma niichukue, nipate sababu ambayo hakuna wa kuipinga. Wakati mwingine nawaza kwamba wangesherehekea vizuri zaidi kama mimi nisingekuwepo kabisa.

Kwenda kwa daktari wa akili naogopa. Raia aliyesoma vitabu atanielewa nini? Niambie tu: nijikaze niende, au nichukue ile zamu?

Sajini Mstaafu

JIBU

Kaka Sajini, salaam zako zimefika.

Naanzia karibu na mwisho wa barua yako, pale ulipoandika "kama mimi nisingekuwepo kabisa" ukapita haraka kana kwamba hujasema kitu. Nakuuliza bila kuzunguka: je, huwa unawaza kujiua? Swali hili halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi huona nafuu kuulizwa. Kama jibu ni ndiyo, au hata "mara mojamoja", haya mengine yote yasubiri. Mwambie mkeo leo, au mtu mmoja unayemwamini. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, au piga namba ya dharura ya nchi uliyopo. Na kama kuna silaha nyumbani, hata yenye leseni, itoke ndani ya nyumba msimu huu, ikatunzwe na mtu mwingine kwa njia halali. Najua namwambia nani maneno haya. Lakini ile saa mbaya kabisa mara nyingi ni fupi, na mtu ambaye hana silaha karibu saa hiyo ana nafasi kubwa ya kuivuka akiwa hai.

Kama jibu ni hapana, ila umechoka kuonekana mzigo, basi tukae tuzungumze.

Umenipa njia mbili, na zote nazikataa. Tuanze na hiyo zamu. Kaka, mtu ambaye halali usiku kwa kukagua makomeo, aende kulipwa mshahara wa kukagua makomeo? Mwili wako umeshindwa kutoka lindoni miaka yote hii, na wewe unataka kuurudisha lindoni kwa mkataba. Kukwepa kunaleta nafuu ya papo hapo, ndiyo maana kunanoga, lakini kila unapokwepa ubongo unaandika kwamba pale palikuwa na hatari kweli na umenusurika kwa kukimbia. Mwaka unaofuata hofu inakuwa imenenepa. Leo ni sherehe ya ukoo, kesho ni harusi, keshokutwa ni mkutano wa wazazi shuleni.

Kujikaza nako ndiko ulikofanya mwaka jana. Ulikaa kwenye kona umeuma meno ukisubiri siku iishe, hakuna aliyejua, na puto moja likamaliza kazi. Ninachokuomba ni kwenda kwa mpango, kwa muda mfupi, na kuondoka kwa kuaga.

Kabla ya mpango, turudi chini ya ile meza. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Kazi yake ni kupiga king'ora. Inapokea mlio na kuusukuma mwili kabla ile sehemu ya kufikiri haijapata nafasi ya kuuliza mlio huo ni wa nini. Adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, misuli inakaza. Vitani mpangilio huo ulikutunza hai, na jeshi liliunoa kwa makusudi kwa miaka. Hakuna aliyekuja siku ya kustaafu kwako akauzima. Sasa soma tena ulichoandika mwenyewe: ulikuwa umembana mpwa wako kifuani. Katika sekunde ambayo hukuamua lolote, mwili wako ulichagua kumkinga mtoto. Watu walicheka, na katika kicheko hicho hakuna aliyeliona hilo. Naona na wewe hukuliona.

Na usidhani ni ugonjwa mpya wa watu laini. Mwaka 1871 daktari wa Marekani Jacob Da Costa aliandika juu ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ambao mioyo yao ilikuwa ikienda mbio na vifua kuuma, ilhali akiwapima hakuona jeraha la kueleza hali hiyo. Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, daktari Charles Myers wa Uingereza aliandika kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na uwezo wa kuona vizuri, kunusa na kuonja baada ya mizinga kulipuka jirani nao. Wengine katika vita hiyo waliitwa waoga. Ilichukua hadi 1980 kwa chama cha madaktari wa akili wa Marekani kuiingiza hali hii kwenye mwongozo wake rasmi wa magonjwa. Kwa Kiswahili tunaiita msongo wa baada ya kiwewe. Mimi siwezi kukupima kwa barua, ila majinamizi, kushtuka, kukwepa watu na kukaa roho juu kwa zaidi ya mwezi ndizo dalili ambazo daktari huzitafuta, na wewe umenitajia kadhaa bila kuulizwa.

Kwa nini Desemba? Kwanza kuna tarehe. Mwili hutunza kalenda ya misiba yake, na watu wengi huanza kuvurugika siku kadhaa kabla ya siku yenyewe bila kujua wanavurugwa na nini. Halafu kuna jambo ambalo raia hulisahau: sikukuu ni kipindi kisicho na ratiba. Ugeni unaingia muda wowote, chakula hakijulikani kitaiva saa ngapi, mtu anagonga mlango ambaye hukumtegemea, watoto wanalala usiku mkubwa. Kwa mtu aliyeishi miaka 21 kwa filimbi na ratiba, vurugu hiyo peke yake inachosha hata bila fataki. Ongeza usingizi mbovu, ongeza pombe, utaelewa kwa nini mwezi huu unakuelemea.

Sasa mpango, na hapa nakuachia ufundi wako mwenyewe, maana hukuwahi kuingia eneo usilolijua bila kulipeleleza. Nenda nyumbani kwa kaka yako siku mbili tatu kabla. Angalia mtakaa wapi, mlango wa nyuma uko wapi, ua una sehemu gani tulivu. Siku yenyewe fika mapema, nyumba ikiwa na watu wachache, uzoee mmoja mmoja wanavyoingia. Kufika wakati sebule imeshajaa ni kosa ambalo wengi hufanya wakidhani wanapunguza muda wa mateso. Gari liegeshe mahali ambapo halitazibwa na magari ya wengine. Kiti cha kona chukua tu, hakuna ubaya. Jipe saa mbili. Zikiisha na uko vizuri, ongeza. Zikiisha na umechoka, simama, zunguka, muage kila mkubwa kwa jina, ondoka mchana kweupe. Hapo hujatoroka, na mkeo hatahitaji kukutetea.

Kila nusu saa hivi toka nje, kabla hujazidiwa. Wengi husubiri mpaka kifua kibane ndipo watoke, na hapo kutoka kunafanana na kukimbia. Ukiwa nje na mwili umeanza kuchemka, kanyaga chini kwa nguvu uhisi nyayo zako. Taja kwa sauti ya chini vitu vitano unavyoviona, kisha vinne unavyoweza kugusa, kisha vitatu unavyosikia. Sema leo ni tarehe ngapi na uko kwa nani. Pumzi ingiza kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au nane. Ile ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuingiza, moyo hupunguza mwendo. Fanya mazoezi hayo sasa ukiwa mtulivu, asubuhi na jioni. Hukujifunza kufungua bunduki na kuifunga siku ya mapambano.

Kuhusu fataki, ile bafu ya giza ndiyo sehemu mbaya kuliko zote ambazo ungeweza kuchagua. Ukiwa gizani unasikia mlipuko na huoni unatoka wapi, kwa hiyo ubongo unajaza picha zake wenyewe. Fataki kubwa za mwaka mpya zina jambo moja zuri, saa yake inajulikana. Uwe macho, umevaa, taa ziwake, vizibo vya masikio viwe mfukoni, na usimame dirishani mahali unapoweza kuona mwanga kwanza ndipo mlio. Macho yakishaona ni nini, king'ora kina cha kusikiliza. Kama mwaka huu bado hilo ni zito, lala mbali na kelele usiku huo mmoja, wewe na mkeo, kwa makubaliano ya mapema. Zile za mtaani zinazopigwa ovyo na vijana ni ngumu zaidi kwa sababu hazina saa. Kwa majirani wa karibu unaweza kwenda kuwaomba wakutonye kabla ya kuwasha. Wengi hukubali, hawakuwahi tu kuambiwa.

Pombe sitakuhubiria, nitakueleza inavyofanya kazi. Inakuangusha usingizini haraka, kisha nusu ya pili ya usiku inaukatakata usingizi huohuo, na ndoto zinarudi kwa fujo. Huko kuamka saa nane unakokulalamikia, pombe inakuongezea. Bora uende kwa kaka yako na kinywaji chako mwenyewe kisicho na kilevi, glasi mkononi, maana asiye na glasi ndiye anayesumbuliwa.

Shemeji yako mpigie kabla ya siku, au kaka yako ampigie. Maneno machache yanatosha: "Milio ya ghafla inanisumbua tangu vitani. Mwaka huu naomba tusiifanye mzaha." Watoto nao wana maswali, na kuna mmoja atakuuliza kama umewahi kuua mtu. Jibu liwe tayari mdomoni usije ukakwama: "Hayo sizungumzii kwenye sherehe. Niulize habari ya mafunzo." Kisha mpe kisa cha kuruta aliyelala kwenye gwaride, wanajeshi wote mnacho.

Nimeliacha kwa makusudi jambo lako zito. Ulikuwa na homa, mkabadilishana zamu, mwenzako hakurudi. Ulifanya jambo ambalo askari hufanya kila siku duniani, na yeye akalikubali kama ambavyo wewe ungelikubali kwake. Ile siku hukujua kitakachotokea. Unajihukumu kwa habari uliyoipata baadaye. Jonathan Shay, daktari wa akili wa Marekani aliyewatibu kwa miaka mingi wapiganaji wa vita vya Vietnam, alisaidia watu kuelewa kwamba kuna majeraha ya dhamiri, ambayo si hofu, ila yanakula mtu vilevile. Lako nadhani lina hayo yote mawili. Na jeraha la namna hii hukua likifichwa. Mwambie mkeo habari ya zamu kabla ya sikukuu, siyo siku yenyewe. Anadhani unakimbia ndugu zake. Hajui unamkimbia marehemu.

Huyo mwenzako mpe muda wake. Siku aliyofariki tenga saa moja: kaa na picha yake, mpigie mama yake au mjane wake kama mna mawasiliano, au watajie wanao jina lake na uwasimulie alivyokuwa, ikiwemo ujinga wake. Asipopewa saa yake ataendelea kuja wakati wa kuinua glasi. Na wale wenzako waliosambaa, tafuta wawili tu uwapigie. Nina hakika hauko peke yako unayekagua makomeo usiku.

Sasa huyo raia aliyesoma vitabu. Hahitaji kuwa alipigana, kama ambavyo daktari aliyekufunga mfupa hakuhitaji kuvunjika wake. Matibabu yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya mazungumzo, na si ya maisha yote. Kuna tiba ya kuikabili kumbukumbu taratibu, kwa kawaida vikao 8 hadi 15 vya kila wiki. Kuna tiba ya kupitia upya fikra ulizojijengea juu ya tukio, kama hii ya "ilikuwa zamu yangu", ambayo huwa na vikao kama 12. Nyingine hutumia mwendo wa macho wakati unakumbuka, inaonekana kama kiini macho lakini imechunguzwa na inasaidia wengi. Dawa zipo pia, sertraline ni mojawapo, kwa maagizo ya daktari. Vidonge vya kutuliza vya aina ya diazepam usivitafute. Miongozo ya matibabu ya wapiganaji inashauri visitumike kwa hali hii, na vikikutana na pombe vinaweza kuzuia pumzi. Miadi weka wiki hii, kwa sababu kliniki nyingi hupungukiwa na watu sikukuu zikifika. Cheo chako umeshastaafu nacho, hakuna wa kukivua, na mazungumzo yenu daktari anawajibika kuyatunza.

Mwisho nina neno na mkeo, mpe gazeti hili asome. Wifi yangu, usimwamshe kwa kumshika anapoota vibaya. Simama mbali kidogo, washa taa, muite jina lake mpaka ajibu. Kubalianeni ishara moja ya siri kwa siku ile, labda akuombe funguo, ikiwa na maana kwamba anahitaji dakika kumi nje. Watu wakiuliza yuko wapi, wajibu wewe kwa wepesi kwamba anapunga upepo. Na ukimwona kwenye kiti cha kona macho mlangoni, usimuulize "Umeanza tena?" Muulize kama mtoke wote.